Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kanisa lilitiwa kufuli Jumatatu. Jumamosi, kama desturi yake, Mama Yemima alikaa uani na beseni, akafua kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, akakianika kwenye kamba inayotazama barabara.

Askari aliyekuwa akilinda mlango wa kanisa akavuka.

“Mama, hujasikia? Kesho hakuna ibada.”

“Nimesikia.”

“Sasa unafulia nini?”

“Kesho ni Jumapili, mwanangu. Au nayo mmeifunga?”

Askari akakivuta kitambaa, kikaanguka matopeni. Mama Yemima akakiokota, akamwaga maji machafu, akateka mengine, akafua upya. Askari akakiangusha tena, naye akafua tena. Vidole vilikuwa vimemchubuka, na sabuni ilibaki kipande chembamba kama ukucha.

Safari hii hakwenda kwenye kamba. Alimwendea askari na kitambaa kinachochuruzika, akamnyooshea ncha moja.

“Ni kirefu, siwezi kukikamua peke yangu. Mchungaji aliyekuwa akinishikia mmemchukua. Shika.”

Askari akatazama huku na huku barabarani, akaisukuma bunduki mgongoni. Maji yalimdondokea kwenye buti, na mkono wa mama ulikuwa bado umenyooka.