Aliyeshika Uzi Upande wa Pili

Uzi ulivutwa mara mbili. Chiriku akashtuka, akalizungusha gurudumu kwa kasi zaidi. Alikuwa amelegeza mkono kidogo tu apate kujikuna shingo, na yule wa upande wa pili alishajua.

Yule alikuwa mzee msokota kamba. Alijifunga katani kiunoni, akawa anarudi kinyumenyume kutwa nzima, akiutoa uzi kwa vidole huku Chiriku akiusokota kwa gurudumu. Banda lilikuwa refu, limejaa vumbi la katani. Akifika mwisho wake, mzee alionekana kama kivuli. Hawakuwahi kusemezana, kwa kuwa bwana alikataza.

"Unamwona yule?" bwana alimwambia Chiriku siku aliyomnunua. "Yule ni jicho langu. Uzi ukilegea, anajua. Ukiacha gurudumu, ananiambia. Na mimi sina maneno mengi, nina fimbo."

Tangu siku hiyo msichana alimwita mzee Jicho, na akamchukia kwa moyo wake wote.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa hakuwa na wa kuzungumza naye. Alizungumza na gurudumu, nalo, maskini, lilijua neno moja tu: kwii, kwii. Alilisimulia jinsi watekaji walivyomkuta akiokota kuni, na jinsi mama alivyobaki nyuma akiita.

Kila jioni bwana alimfungia chumbani kwa kufuli. Kisha kufuli nyingine ililia kule mwisho wa banda. Hiyo ni ghala ya kamba, Chiriku alijisemea.

Alishawahi kujaribu kutoroka kupitia paani. Alianguka, mguu ukavimba, na zaidi ya hayo akachapwa. Lakini hamu ya kwao haikutoka.

Mchana mmoja bwana aliletewa habari kwamba mkokoteni wake wa katani umepinduka barabarani. Akatoka mbio, kofia mkononi. Watu husema paka akiondoka panya hutawala, ila paka huyu alikuwa ameacha jicho nyumbani.

Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, kule mwisho, nyuma ya mgongo wa mzee.

"Akinikamata, basi," Chiriku aliliambia gurudumu. "Nikibaki, nitazeeka nikikuzungusha wewe."

Akaliachia. Likalia kidogo, likasimama. Akangoja uzi uvutwe mara mbili, lakini haukuvutwa. Akangoja kusikia ukelele, nao haukuja.

Akakimbia kando ya uzi, nyayo zikizama kwenye vumbi. Pale mzee alipopaswa kuwa, aliikuta ncha ya uzi imefungwa kwenye nguzo, imekazwa sawasawa. Mzee hakuwapo.

Amekwenda kunisemea, Chiriku aliwaza. Hata hivyo alikuwa ameshaliachia gurudumu, na maji yakishamwagika hayazoleki. Akaruka kizingiti, akaukata uwanja, akapanda ukuta na kujitupa kwenye majani marefu ya upande wa pili. Akaangukia mgongo wa mtu.

Alikuwa Jicho. Alikuwa amechuchumaa, katani ingali kiunoni, anatweta. Chiriku akafumba macho, akangoja kushikwa. Alimwaza mama yake, akalia bila sauti.

Hakuna mkono uliomgusa. Alipofumbua macho, mzee alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Najua umewekwa unichunge, mjukuu wangu," mzee alisema. "Lakini nakusihi, usinisemee kwa bwana. Hata mimi nina kwetu."