Pitia Uani

Siku hizi nyumba zote zinaendeshwa na programu, na kazi yake yoyote isipotumika vya kutosha kwa mwezi mzima mtaani kwetu, mtaa wa majaribio, kampuni huifuta katika mji mzima. Mfutaji ni mkwe wangu, Shekue. Alifuta kazi ya kuwasha jiko kwa amri ya sauti, na mke wangu asiyeona akakosa chai.

"Baba, takwimu zimeamua," alijibu nilipomlalamikia.

Haya! Nikawachochea wazee wote wa mtaa na jamaa zao, tukawa tunapitia uani tu. Hata jeneza la Mzee Kombo lilitokea huko. Mwezi ulipokwisha, kazi ya kufungua milango ya mbele ikafutwa mji mzima.

Shekue akapiga simu. "Baba, mlango wangu haufunguki!"

"Pitia uani, bwana mkubwa."

"Ghorofa ya tisa ina uani? Binti yako yumo ndani na mtoto!"

Nilikuwa bado nacheka. Mke wangu akanishika mkono, akauliza nacheka nini.