Hoja ya Atupele

Siku hizo hoja iliyoshinda kwenye mdahalo wa Kiingereza ilitekelezwa siku hiyohiyo nyumbani kwa mshindi, ili wanafunzi wajifunze kupima maneno yao. Atupele wa kidato cha pili alipangiwa kutetea kwamba wazee waondolewe majumbani, wapelekwe kwenye makao ya wazee. Hakuiamini hoja hiyo hata kidogo, lakini Kiingereza chake kilitiririka na darasa zima likampigia makofi.

"Mwalimu, sikumaanisha," alisema alipotangazwa mshindi.

"Lakini umetushawishi," mwalimu alimjibu, akatia sahihi amri ya kuitekeleza hoja.

Nyumbani alimkuta bibi yake jikoni.

"Nasikia umeshinda, mjukuu wangu. Hebu kiseme hicho Kiingereza nikisikie."

Atupele alisimama akarudia hotuba yote. Bibi hakuelewa hata neno moja, ila aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, akitabasamu.

"Maneno matamu. Yanahusu nini?"

Kabla hajajibiwa, gari lilisimama nje na watu wawili wakabisha hodi. Bibi akajifuta mikono kwenye kanga.

"Tuna wageni," alisema. "Kawafungulie, mama."

Atupele akaenda kuwafungulia.