Mkwe na Mpira wa Maji

"Vua nguo, mama! Zote!"

Sauti ya Ngwale wa zimamoto ilikuwa imekauka. Tangu lori la dawa ya kuulia wadudu wa pamba lipinduke sokoni, alisimama kwenye geti la hospitali na mpira wa maji, akiwaogesha watu kabla hawajaingia, na kila mmoja alikuwa na ubishi wake. Sasa huyu bibi. Kanga yake imelowa dawa, anakohoa, na bado ameing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Hata ukivaa hilo libarakoa, sauti naijua," alisema. "Wewe ni mume wa Nasemba. Sivui mbele ya mkwe wangu. Bora nife."

Ngwale akamtambua: mama mkwe wake.

"Manesi wote wako ndani na waliozimia, mama. Dawa inapenya kwenye ngozi!"

"Ipenye."

Ngwale akasonya. Akampa mgongo, akaupitisha mpira juu ya bega na kufungulia maji.

"Haya! Sikuoni. Vua!"

Baada ya kitambo, kanga ikatua kwenye pipa la nguo zenye sumu.

"Unaogesha ukuta," bibi akafoka. "Kushoto, baba. Juu kidogo!"

"Si usogee wewe!"

"Mgonjwa ni nani?"

Foleni nzima ikacheka. Ngwale akapeleka mpira kushoto, akangoja aambiwe tena. Akasikia kikohozi, kisha maji peke yake, yakipiga saruji.

"Mama? Nipeleke wapi?"

Foleni ilikuwa imeacha kucheka, naye Ngwale alikuwa bado hajageuka.