Nyundo Iliponyamaza

Sekwao, fundi cherehani aliyekuja nyikani kujaribu bahati ya dhahabu, aliacha kugonga mwamba ndani ya shimo. Mbele ya kurunzi yake kiling'aa kipande cha manjano, kikubwa kama punje ya hindi.

"Vipi huko, shemeji?" aliuliza Mbwilo, aliyeshika kamba juu ya shimo.

"Mawe tu."

"Mawe tu, halafu nyundo inanyamaza?"

Sekwao aliinua macho. Njia ya kutoka ilikuwa kamba ile tu. Akakibandua kipande, akakitia mdomoni, akajifunga kamba kiunoni.

"Nivute, nina kiu!"

Mbwilo alicheka taratibu. "Mbona unaongea kama unamung'unya pipi, shemeji?"

Kamba ilikazika, ikamwinua mpaka miguu ikaacha ardhi. Kisha Mbwilo akaacha kuvuta. Vumbi likaanza kumdondokea Sekwao usoni kutoka ukingoni, Mbwilo alikoinama.