Mtumbwi Uliogoma Uani

Mume wangu Venansi alipopiga msumari wa mwisho tuliuinua mtumbwi, na hapo ndipo ukagoma kutoka. Ulikuwa mrefu mno kukata kona kati ya nyumba na lango.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alikuwa akiitazama minyaa ya ua, niliyoipanda kwa mikono yangu tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania.

“Nitaung’oa ubao wa mbele,” akasema kwa unyonge.

Lami ya ubao huo ilikuwa bado inaninata vidoleni.

“Thubutu! Lete panga.”

Mnyaa wa kwanza ulipoanguka, utomvu mweupe ukichuruzika, jirani alikuja mbio.

“Mama, muko munahama tena?”

“Tunakwenda mtoni Ruvubu kuvua samaki,” nikamwambia. “Jioni tuko hapahapa.”