Ngoro Sebuleni

Siku hizi, kwa sheria mpya, kipima udongo ndicho kinachosema ardhi ni ya nani. Kikikuta vumbi la makaa ya mawe, ni ya mgodi. Kikikuta alama za jembe, ni ya mkulima. Marehemu mume wangu alichimba makaa, akawa anarudi na vumbi kwenye viatu. Basi kipima kikainama sebuleni kwangu, kikalia.

"Bibi, hapa ni mgodi," akasema Fotunata, binti wa jirani anayekiendesha. "Uhame."

Nikavunja sakafu, nikaezua bati mbili jua liingie. Nikalaza nyasi miraba miraba, nikazifukia, nikaacha shimo katikati ya kila mraba, ngoro kabisa, kama tulivyolima Wamatengo mlimani. Nikapanda maharage, maana sheria hiyohiyo inakataza kung'oa mmea ulio hai.

Fotunata akarudi, akashika mdomo. "Bibi, unalima ndani ya nyumba?"

"Wewe umeona mgodi chini ya kochi langu, mwanangu. Mimi nikiona shamba, ndiyo nimerukwa na akili?"

Sasa kipima huja kila asubuhi kunusa kama majani yameanza kukauka. Kinuse tu. Katikati ya mashina nimeshachomeka mbegu nyingine, na leo nahamisha kitanda, nichimbe ngoro chumbani pia.